Pumzi ya Biskuti na Goti la Rozell

212 Barabara ya Kanisa,
Calloway, Alabama.
Jumapili, 14 Julai 2024.

Mpendwa Dada Vernell,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Detroit, na kwamba kile kikohozi cha tangu Pasaka kimekuachia. Uliniambia unakunywa limau na asali. Kunywa, lakini nenda na kwa daktari, maana ukaidi wako naujua, tumezaliwa nao nyumba moja.

Sisi ni wazima. Presha ya mke wangu Earline bado inapanda kila akinitazama. Mimi mgongo unanisumbua, lakini shule zimefungwa na basi la wanafunzi ninaloendesha limeegeshwa, kwa hiyo napumzika. Joto la mwaka huu halina adabu. Saa mbili asubuhi shati limeshalowa.

Utashangaa kupata barua ya mkono badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningefurahi kukatizwa.

Nina mambo mawili. La kwanza ni zuri, linamhusu mjukuu wangu Biskuti na mpira wake wa Kimarekani. La pili linamhusu marehemu Rozell, mdogo wetu, nami nimelinyamazia miaka arobaini na mitano. Mambo haya yameshikana, siwezi kukupa tamu nikakuficha chungu. Kisha nitakuomba kitu, na usalama wa mtoto unakitegemea. Tafadhali usiruke kurasa.

Nianze na Biskuti. Huyu ni Kendarius, mtoto wa Tawanda binti yangu, uliyemwona kwenye picha akiwa na meno mawili. Sasa ana miaka kumi na saba na anapita mlangoni kwa ubavu. Anacheza mstari wa mbele wa ulinzi, palepale katikati nilipocheza mimi na baadaye Rozell. Unapakumbuka. Ni pale ambapo kila mpira ukianza unagongana na wanaume wawili, unawasukuma ili umfikie mwenye mpira, halafu unarudi kuinama ugongwe tena.

Mwaka jana alikuwa mzuri kwa nusu ya mchezo tu. Alikuwa na ratili mia tatu thelathini na nane, na robo ya tatu ikiingia alisimama ameshika kiuno, mdomo wazi. Watu wa shule ya Beulah, wapinzani wetu, walikuwa wakingoja robo ya tatu kama watu wanaongoja duka lifunguliwe, kisha wanapita na mpira mahali pake mmoja baada ya mwingine. Siku tuliyocheza nao jukwaa lao zima lilimwimba: "Biskuti kishalowa chai!" Nami nilicheka kidogo, nakiri. Mtoto alirudi nyumbani akala peke yake jikoni, akazima taa.

Desemba akaja kwangu. Akasema, "Babu, nifundishe kukimbia."

Nikamwambia, "Kukimbia unajua. Usichojua ni kuacha mkate wa mahindi wa bibi yako."

"Huo siuachi. Niambie kingine."

Hata hivyo aliuacha. Earline alilia kama aliyefiwa. Miaka arobaini amepika kwa kipimo kimoja cha mapenzi, sahani ikirudi tupu moyo wake unatulia, sasa mjukuu anakula samaki asiyekaangwa na majani matupu. Akina mama wa kanisani walimwuliza Tawanda kwa siri kama mtoto ana minyoo. Chai ya sukari nayo aliiacha, na hilo hapa kwetu ni karibu sawa na kuacha dini.

Mazoezi tulifanyia kwenye maegesho ya kanisa, kwa sababu pana mteremko na hakuna wa kutucheka. Nilimsukumisha pikapu yangu gia ikiwa huru, mimi ndani nikishika usukani. Nilimkimbiza mpaka akatapika, nikamwambia vizuri, endelea. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, na sikujua njia nyingine. Dada, nataka ujue hilo kabla sijafika mbele.

Mwezi Machi wachezaji wote walipimwa afya. Damu ya Biskuti ikaonyesha amebeba selimundu nusu, ya kurithi kwa mzazi mmoja. Haumwi, wala hataumwa maisha yake yote akiishi kama watu. Lakini Daktari Whitlow, ambaye ni mama mtaratibu wa umri wa Tawanda, alitueleza kwamba mtu wa damu hiyo akibanwa kwa mbio mfululizo bila kupumzishwa, hasa wakati wa joto, damu inaweza kugoma ndani ya mishipa. Miguu inakuwa mbao. Akilazimishwa kuendelea, anaweza asione jioni.

Kisha akauliza, "Kwenye familia yenu, kuna mtu aliyewahi kuanguka akikimbia asiinuke tena?"

Tawanda akanitazama mimi, maana yeye hadithi ya Rozell anaijua kwa midomo yetu tu, kwamba alizaliwa na moyo mbovu. Nikasema, "Hapana, Daktari. Sisi ni watu wa nguvu."

Nilisema hivyo nikiwa nimevaa pini ya ushemasi kifuani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nikificha ya mtoto asiye na habari.

Jumamosi moja ya Aprili tulikuwa mbio ya kumi. Ilikuwa joto kuliko kawaida ya mwezi ule. Biskuti akafika mwisho wa maegesho, akainama, akaweka goti moja chini. Kisha akaniona namtazama, akajikaza kuinuka haraka, uso umejaa aibu. Nilikuwa nimemfundisha vizuri mno.

Sasa nimefika penyewe.

Msemo wa Baba unaujua: akina Mosely hupiga goti kanisani tu. Sikukumbushi ulikotoka. Ulikuwa na miaka minane na ulimwona mwenyewe akiletwa nyumbani, siku aliyotoka kujiandikisha kupiga kura na sherifu akamsimamisha barabarani, akamwamuru apige goti kwenye matope. Baba hakupiga. Alisimama mpaka taya likavunjika. Lile lilikuwa neno la heshima, na lilimgharimu. Sisi wanawe tukalichukua tukalipeleka uwanjani, mahali lisipohusika hata kidogo. Uwanjani goti si kumsujudia mtu. Goti maana yake nimezidiwa, niacheni nipumue. Timu zote za kaunti hii zilikuwa na watoto waliopiga goti wakaishi. Sisi tu ndio tuliolikataa, na tulijivunia.

Siku ile ya Agosti mwaka 1979 niliwaambia wewe na Baba kwamba Rozell alianguka ghafla, bila dalili. Dalili ilikuwepo, Dada. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nimesimama kando ya mstari wa chaki nikimsaidia kocha kuhesabu mbio. Zama zile maji yalikuwa ya wanyonge, unayajua. Mbio ya kumi Rozell akaweka goti chini. Aliniita mimi, si kocha. Akasema, "Cleo, miguu inawaka. Siyo kuchoka. Inawaka."

Nikamwambia, "Inuka. Hapa siyo kanisani."

Wenzake wakacheka. Akainuka. Alikimbia ya kumi na moja. Ya kumi na mbili hakuimaliza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikujua lolote kuhusu damu. Hilo najiambia kila mwaka Agosti ikifika. Lakini nilijua kwamba mdogo wangu si mvivu, na nilijua kwamba hajawahi kulalamika. Hayo mawili yalitosha kunifanya nimsikilize.

Wewe ndiye uliyemlea tangu Mama alipotuacha. Ulimvalisha viatu akiwa na miaka sita, ulimzika akiwa na kumi na saba, kisha ukapanda basi la Detroit. Uliporudi kumzika Baba ulimwambia dereva azungukie barabara ya kiwandani ili usipite uwanjani. Nilikuwa kiti cha nyuma.

Basi Aprili, pale kwenye maegesho, niliona goti la Biskuti likiinuka kwa ajili yangu. Nikapiga kelele, "Rudi chini! Weka goti chini, sasa hivi!"

Akanitumbulia macho akihema. "Babu, si ulisema kanisani tu?"

"Haya ni maegesho ya kanisa. Inatosha."

Akacheka, akapiga goti. Mimi nikapiga kando yake, na mgongo wangu huu mbovu, nikammwagia maji kichwani. Nilikaa pale mpaka pumzi yake iliporudi. Alidhani naomba.

Jioni nikawaita Tawanda na Biskuti mezani nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe. Earline alikuwepo, naye alikuwa hajui. Tawanda alisimama akaenda kukaa garini nusu saa. Aliporudi alisema maneno ambayo sina haki ya kuyakataa. Kisha akasema, "Na sasa utamwambia daktari, daktari atawaambia makocha, na hakuna chuo kitakachomtaka. Ulimhatarisha kwa kuficha, sasa unamfungia mlango kwa kusema, Baba."

Alikuwa na hofu ya kweli. Vyuo viwili vilikuwa vimeanza kumwulizia mtoto, kimoja kikubwa sana.

Biskuti ndiye aliyemaliza ubishi. Akasema, "Mama, mimi nataka wanichukue wakijua. Nisije nikawa nacheza huku najificha."

"Na wasipokuchukua?"

"Nitaendesha basi kama Babu. Tena mimi nitaliosha."

Jumatatu tulirudi kwa Daktari Whitlow. Nilimwambia niliongopa, nikamwambia yote. Hakunifokea, aliandika tu. Kuandika kwake kuliniuma kuliko kufokewa.

Tangu siku ile mazoezi yamegeuka kabisa, na hapa ndipo habari njema inapoingia. Hakuna kutapika tena. Anakimbia, anapumzika mpaka pumzi irudi mahali pake, anakunywa maji, anakimbia tena. Kila wiki tunaongeza kidogo. Juani hatuendi. Mguu ukiwaka anapiga goti, na hakuna anayemwuliza kwa nini. Mimi nilidhani tutamlemaza kwa kumdekeza. Kumbe ile njia yangu ya zamani ilikuwa ikimvunja kila siku na kumwacha ajijenge upya kila usiku. Sasa anajenga juu ya jana. Leo asubuhi mizani imesoma ratili mia tatu na moja, na mabega bado yaleyale.

Ungeona miguu yake. Zamani alisukuma kwa tumbo, sasa anasukuma kwa nyonga. Anaondoka chini kabla mwenzake hajamaliza kufikiri, na mikono yake inafika kwanza. Mimi nilikuwa na nguvu, Rozell alikuwa na wepesi. Huyu ana vyote, nami nasema hivyo kama mchezaji wa zamani, si kama babu.

Tarehe ishirini na mbili Juni tulikwenda kwenye siku ya majaribio, vijana sitini, makocha wa vyuo vingi. Kabla ya kuanza, Biskuti mwenyewe alikwenda kwa wale wa vyuo viwili vilivyomwulizia, na karatasi ya Daktari Whitlow mkononi. Yule wa chuo kikubwa alisoma, akamshukuru kwa adabu, akafunga daftari. Hakulifungua tena siku nzima. Tawanda aliliona daftari lile kabla yangu, akanishika mkono kwa nguvu. Sikujua kama ananishika au ananifinya.

Mbio zikaanza. Ya tisa ilipoisha, Biskuti akatoka pembeni akapiga goti mbele ya watu wote. Kijana mmoja wa Beulah akapaza sauti, "Si niliwaambia? Biskuti kishalowa!" Vijana wakaangua kicheko. Biskuti alimwangalia kwa utulivu, akanywa maji, akasubiri. Dakika zake zilipotimia akainuka akaendelea na zilizobaki, peke yake, wengine wameshakaa.

Nilitamani nikimbilie uwanjani nimwombe radhi Biskuti, na pamoja naye vijana wote niliowahi kuwacheka mimi. Nilibaki kitini. Shemasi mzima, machozi yananitoka.

Mchana wakaanza kugongana, mmoja kwa mmoja. Saa nane Biskuti aliwashinda. Saa tisa aliwashinda. Saa kumi wale waliomaliza mbio zote bila kupumzika walikuwa wakitembea kama watu wanaotafuta miwani. Yule wa Beulah alipangiwa naye mwishoni. Biskuti alimwinua kidogo, akampeleka nyuma hatua saba, akamlaza chini taratibu, kisha akampa mkono amwinue.

"Umekunywa nini wewe?" yule mtoto aliuliza.

"Maji," Biskuti akasema. "Bila biskuti."

Kocha Dupree, wa kile chuo kingine, alikuja kwetu akichechemea, maana nyonga yake moja ni ya chuma. Ni mtu wa maneno machache. Akaniambia, "Mzee, wachezaji wa asubuhi ninao tele. Mimi natafuta wa saa kumi jioni."

Nikamwuliza kama ameisoma ile karatasi vizuri. Akasema ameisoma mara mbili, na kwamba pale kwao wana vijana watatu wa damu hiyohiyo, wanajua jinsi ya kuwatunza. Alisema mtoto ambaye anaweza kupiga goti akichekwa na vijana hamsini na tisa, huyo hatamficha kocha wake jeraha. Nafasi amempa, ya miaka minne, masomo na chakula na malazi. Kuhusu atakakofika, alisema ana miguu ya kwenda mbali, mwaka wa tatu atakuwa nguzo yao, na baada ya hapo yeye si nabii.

Tawanda sasa ananisemesha. Si sana, lakini Jumapili iliyopita aliniuliza kama chai yangu ina sukari ya kutosha.

Sasa ombi. Mazoezi ya shule yanaanza tarehe tano Agosti. Daktari Whitlow anataka faili la Biskuti liwe kamili kabla ya siku hiyo, lifuatane naye mpaka chuoni, ili kila kocha na kila daktari atakayemshika ajue kwa maandishi kilichowahi kutokea kwenye damu hii. Maneno yangu anayo. Anataka na karatasi ya hospitali ya Rozell. Baba hakujua kusoma, wewe ndiye uliyeipokea, na ulisafiri nayo. Tafadhali itume. Ukiamua kutonijibu mimi, nitaelewa. Mjibu mtoto.

Salamu zangu nazitanguliza hapa, kwa sababu nikishaandika linalofuata sitaweza tena. Nisalimie mwanao Rochelle na mumewe Lamont, na yule mjukuu wako anayepiga tarumbeta. Earline anakusalimu sana, anasema chumba cha mbele kina shuka safi. Tawanda anakusalimu. Biskuti anamsalimu bibi yake wa Detroit ambaye hajamwona, anasema ukija atakubebea mizigo yote kwa safari moja. Mungu aliyekutunza miaka yote hii mbali na kwenu aendelee kukufunika, akupe usingizi mzuri, na akupe nguvu ya kusoma mistari michache iliyobaki.

Niliwaambia kwamba Rozell hakusema neno. Alisema. Walimlaza nyuma ya pikapu ya kocha, kichwa chake mapajani mwangu, na njia nzima hadi hospitali alikuwa na akili zake. Aliuliza kama umeshatoka kazini. Aliuliza kama umeacha chakula. Karibu na daraja akanishika shati, akatabasamu, Dada, mdogo wetu alitabasamu, akasema, "Mwambie Vernell niliinuka."

Alikuwa akijivuna. Alinipa neno nikuletee, nami sikulileta, kwa sababu ungeniuliza aliinuka kutoka wapi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye ukinitaka na usiponitaka,

Cleophus